Umesoma Masomo ya Sanaa na Unataka Kazi ya Mtandaoni: Mwongozo Kamili, Kutoka Sampuli ya Kwanza Hadi Malipo ya Kwanza

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wowote huwa hivi: "Nimesoma fasihi (au historia, au sosholojia). Nimetuma maombi arobaini ya kazi za mtandaoni, sijajibiwa hata moja. Je, nirudi nikasomee kompyuta?" Kila ninapoomba kuyaona maombi yenyewe, nakuta kosa lilelile. Mwombaji ametaja alichosoma, akaongeza kwamba ana "uwezo mzuri wa mawasiliano", basi. Hakuna mahali ambapo mwajiri anaweza kuona kazi iliyokamilika.

Mwajiri aliye mbali hawezi kukuita ofisini akupime kwa macho. Anachoweza kufanya ni kufungua faili. Kwa hiyo mwongozo huu unazunguka jambo moja: utengeneze faili tatu zinazofanana na kazi anayoilipia, ndipo uombe. Ukitenga saa 8 hadi 10 kwa wiki, wiki sita zinatosha kufika kwenye hatua ya kuomba. Mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni ana nafasi nzuri kuliko mhitimu, maana kazi za darasani za kugeuza anazo, na wahadhiri wa kumdhamini bado wanamkumbuka kwa jina.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta. Simu inatosha kutafuta kazi, haitoshi kuifanya. Kuhariri hati ndefu au kupanga maandishi ya video kwa sekunde kwenye kioo cha simu ni mateso, na makosa yataonekana.
- Njia mbili za intaneti. Moja ya kila siku, nyingine ya dharura, hata kama ni bando la simu unayoigeuza kuwa mtandao wa kompyuta.
- Hedifoni zenye maikrofoni. Mwajiri husamehe picha hafifu. Sauti inayokatika humchosha ndani ya dakika mbili.
- Barua pepe yenye jina lako halisi, iliyofungwa kwa uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti yako ndiyo ofisi yako sasa. Ikiibwa, umefukuzwa kazi na mtu usiyemjua.
- Njia ya kupokea fedha kutoka nje, kama Wise, Payoneer au PayPal, kutegemea ipi inaruhusu kupokea katika nchi uliyopo. Ifungue mapema, maana kuthibitisha utambulisho huchukua muda, na jina la akaunti lazima lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi.
- Folda moja yenye kazi zako zote za chuoni: insha, ripoti, tasnifu, mawasilisho, hata zile zilizopata alama usizojivunia.
- Jedwali la kufuatilia maombi. Safu zake nitazitaja kwenye hatua ya sita.

Huhitaji cheti cha kulipia kabla ya kuanza. Nimeona watu wakikusanya vyeti kumi vya kozi fupi huku hawana ukurasa mmoja wa kazi wa kuonyesha. Kozi ni nzuri pale unapojua tayari ni pengo gani unaziba.

## Hatua ya 1: Geuza somo liwe kazi

Neno "historia" kwenye wasifu halimwambii mwajiri chochote anachoweza kulipia. Lakini mtu aliyesoma hati sitini zinazopingana akatoa kurasa mbili za kuaminika, huyo anamhitaji. Ni mtu yuleyule.

Chukua kazi tano kubwa ulizofanya chuoni. Kwa kila moja jibu maswali manne: nilipokea nini? Nilikifanyia nini? Nilikabidhi nini? Kilikuwa kiasi gani?

Aliyeandika tasnifu ya historia alipokea lundo la barua na magazeti ya zamani, akayapanga kwa tarehe, akalinganisha taarifa zinazogongana, akakabidhi maandishi yenye marejeo. Sokoni hiyo ni kazi ya msaidizi wa utafiti, au mkaguzi wa ukweli wa habari, au mwandishi wa muhtasari.

Aliyesoma sosholojia au anthropolojia amehoji watu, amenukuu sauti (yaani amezigeuza kuwa maandishi), amepanga majibu kwa mada. Kampuni zinazotengeneza programu hulipa watu wa kufanya hivyohivyo kwa watumiaji wao: kuwahoji, kuwatazama wakitumia programu, kisha kueleza wanakwama wapi na kwa nini.

Wa isimu ameshazoea kuigawa sentensi na kuweka lebo kwenye kila kipande. Wanaofunza modeli za lugha wanahitaji data iliyowekwa lebo na mtu anayeijua lugha kwa undani, na kwa lugha kama Kiswahili watu hao hawajajaa. Wa falsafa amezoea kutafuta mahali hoja ilipovunjika. Apewe majibu ya akili mnemba ayakague, au masharti marefu ya huduma ayaandike kwa lugha nyepesi. Wa fasihi huniambia kila mara kwamba "amesoma hadithi tu". Amesoma kwa miaka mitatu kwa nini sentensi moja inafanya kazi na nyingine haifanyi. Huyo ni mhariri ambaye hajajijua.

Onyo: usiongeze chumvi kwenye idadi. Kila namba utakayoandika utaulizwa kwenye usaili, na aliyehoji watu 12 hueleza tofauti kabisa na anayejifanya alihoji 50.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi nane hadi kumi za namna hii: "Nilihoji watu 12, nikanukuu saa 9 za sauti, nikapanga majibu katika mada 6, nikaandika ripoti ya kurasa 15." Iweke kando ya "Nina uzoefu wa utafiti" uone ipi ungeilipia.

## Hatua ya 2: Chagua kazi moja, si "kazi yoyote"

"Niko tayari kufanya chochote" ni maneno ya unyenyekevu, na ana kwa ana yanaweza kukufungulia mlango. Mtandaoni yanakufungia. Mtu anayetafuta wa kuhariri ripoti yake anatafuta neno "mhariri".

Zifuatazo ndizo kazi ambazo wanafunzi wa sanaa huingia kwa urahisi zaidi, pamoja na maoni yangu kwa kila moja.

*Uhariri na kusoma prufu.* Mlango mpana, ila ushindani ni mkubwa kwa Kiingereza. Ukiwa na lugha ya pili unayoimudu kweli, uko mbele.

*Tafsiri.* Usiahidi kutafsiri kwenda kwenye lugha ambayo huiandiki kama mzawa. Kanuni ya kawaida ya taaluma ni kutafsiri kuelekea lugha yako mwenyewe.

*Unukuzi na maandishi ya chini ya video.* Kunukuu sauti kuanzia sifuri kumepungua, kwa sababu mashine hufanya rasimu kwa dakika chache. Kilichobaki ni kusahihisha rasimu hizo, hasa pale sauti ni mbovu, wazungumzaji wanaingiliana, au wanachanganya lugha. Usiingie huku ukitarajia kulipwa kama zamani.

*Msaidizi wa utafiti.* Naipenda kuliko zote kwa mtu wa sanaa. Haitangazwi sana, mara nyingi hupatikana kwa kumwandikia moja kwa moja mtafiti, mwandishi wa vitabu au shirika dogo.

*Kuweka lebo na kukagua majibu ya akili mnemba.* Huanza haraka, lakini kazi huja na kukatika bila taarifa. Ifanye iwe kipato cha pembeni.

*Huduma kwa wateja kwa maandishi.* Ratiba ngumu, zamu za usiku, lakini mshahara wa kila mwezi na mafunzo ya kweli ya kufanya kazi na timu iliyo mbali.

Ukishachagua, fungua matangazo 30 ya kazi hiyohiyo. Usiombe hata moja. Soma tu, na kila zana au jukumu linalotajwa uliandike na kulipigia alama. Baada ya matangazo 30 utaona vitu vitano au sita vikijirudia. Hivyo ndivyo vya kujifunza. Vilivyotajwa mara moja achana navyo.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia rafiki kwa sentensi moja unafanya kazi gani, kwa ajili ya nani, na kwa zana zipi.

## Hatua ya 3: Jifunze zana mbili vizuri

Tumia orodha yako ya alama. Kwa mhariri, zana ya kwanza ni kile kipengele cha Word kinachoonyesha kila badiliko ulilofanya, pamoja na hali ya mapendekezo kwenye Google Docs. Mteja anataka kuona ulichogusa na kuwa na haki ya kukataa. Ukimrudishia hati safi isiyoonyesha mabadiliko, umemlazimisha aisome upya yote.

Mfasiri aanze na OmegaT, programu ya bure inayokumbuka sentensi ulizokwisha kutafsiri na kukuletea zinazofanana. Ukiizoea, kuhamia Trados au memoQ, programu kubwa za aina hiyohiyo, hakutakutisha, maana msingi ni uleule. Mtafiti ajifunze Zotero kwa marejeo, pia ni ya bure, na Excel kiasi cha kupanga, kuchuja na kutengeneza jedwali la muhtasari.

Kwa maandishi ya video, Subtitle Edit na Aegisub ni za bure. Faili la aina ya SRT ukilifungua ndani linaonekana hivi:

1
00:00:04,200 --> 00:00:07,000
Mstari wa kwanza wa maneno.

Kuna namba ya mfuatano, muda wa kutokea na wa kutoweka, kisha maneno. Kabla ya milisekunde kuna mkato, si nukta. Ukiweka nukta baadhi ya programu zitalikataa faili zima, na utatafuta kosa usiku kucha kama mtu anayetafuta sindano gizani. Lihifadhi kwa usimbaji wa UTF-8 ili herufi zenye alama zisigeuke mabano ya ajabu. Usizidishe mistari miwili kwa mara moja. Wengi huweka kikomo cha herufi kama 42 kwa mstari, kwa sababu mtazamaji anahitaji macho yake kwa picha pia.

Utajua umefaulu ukifanya kazi ndogo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutazama video ya mafunzo.

## Hatua ya 4: Tengeneza sampuli tatu

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo kila kitu kilipo. Mkono mtupu haulambwi: ombi lisilo na sampuli ni mkono huo.

Sampuli ya kwanza itoke kwenye kazi ya chuoni, ila usiitume kama ilivyo. Insha ya kurasa 20 iliandikwa kwa mhadhiri anayelipwa kuisoma hadi mwisho. Ikate iwe kurasa mbili: ukurasa wa kwanza uanze na jibu, wa pili uonyeshe ulivyolipata. Ondoa jina la kozi, namba ya usajili na ile aya ya kwanza inayofafanua istilahi.

Sampuli ya pili iwe ya kabla na baada. Kama ni uhariri, chukua maandishi yenye kasoro, yahariri, uonyeshe matoleo mawili pamoja na maelezo mafupi ya maamuzi matatu uliyofanya. Maelezo hayo ndiyo siri. Yeyote anaweza kuondoa kosa la tahajia. Mwajiri anataka kujua kwa nini uliivunja sentensi ya nne na kuiacha ya tano.

Sampuli ya tatu iwe imetumiwa na mtu halisi, hata kama hukulipwa. Wikipedia iko wazi kwa mwandishi na mfasiri yeyote, na historia ya kila ukurasa inaonyesha mchango wako. Distributed Proofreaders huhitaji wasomaji prufu wa vitabu vilivyokwisha haki za kunakili. Mpango wa UN Volunteers wa Umoja wa Mataifa una kazi za kujitolea za mtandaoni kwa waliotimiza miaka 18, zikiwemo tafsiri, uandishi na utafiti. CLEAR Global, shirika lililokuwa likijulikana kama Translators without Borders, hupokea wafasiri wa kujitolea. Kikundi cha jirani au asasi ndogo yenye tovuti iliyojaa makosa pia ni mahali pazuri pa kubisha hodi. Weka mpaka: kazi moja yenye mwisho unaojulikana, kisha omba barua fupi ya kuthibitisha ulichofanya. Kujitolea kusiko na mwisho ni ajira isiyo na mshahara.

Maonyo manne, yote nimeyaona yakiumiza mtu:

Usitumie hati ya mteja au ya mahali ulipofanya mafunzo kwa vitendo bila ruhusa ya maandishi.

Ukitumia mahojiano ya utafiti wako, ondoa majina na chochote kinachomtambulisha aliyehojiwa. Alikubali kuzungumza na mwanafunzi, hakukubali kuwa tangazo lako.

Angalia leseni ya maandishi unayotafsiri. Katika leseni za Creative Commons, ambazo mwandishi huzitumia kuruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti, ile yenye alama ND hairuhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni badiliko. Chagua zilizo huru, au maandishi yaliyokwisha haki za kunakili kama yale ya Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, ukihakikisha pia sheria ya nchi uliyopo.

Usipeleke maandishi ya akili mnemba ukayaita yako. Kuitumia kukagua au kupata rasimu si dhambi mradi useme, ila sampuli ni ahadi ya kile utakachofanya peke yako siku ya jaribio.

Kisha ziweke mahali pamoja: folda ya mtandaoni, au tovuti rahisi ya ukurasa mmoja. PDF kwa maandishi, majina ya faili yanayoeleweka. "Final_mpya2_kweli" halieleweki hata na aliyeliandika.

Sasa jaribu kiungo. Kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma maombi kumi na moja yenye kiungo kinachomdai msomaji aombe ruhusa kwanza. Niligundua wiki tatu baadaye, pale mtu mmoja mwenye huruma aliponiandikia. Wale kumi walipita zao, na siwalaumu.

Utajua umefaulu mtu asiyesoma fani yako akifungua folda na, ndani ya dakika mbili, akaweza kusema unafanya kazi gani.

## Hatua ya 5: Andika wasifu unaosomeka na mashine na mtu

Kampuni nyingi hupitisha wasifu kwenye programu ya kuchuja kabla mtu hajauona. Programu hizo hukwama kwenye safu mbili, majedwali, michoro na maandishi yaliyo ndani ya picha. Kwa hiyo: safu moja, vichwa vya kawaida, ukurasa mmoja, mbili zikizidi.

Kipimo ni rahisi. Nakili maandishi yote ya wasifu wako, yabandike kwenye Notepad. Yakitoka yamechanganyikana, ndivyo mashine inavyoyaona.

Juu kabisa weka jina, kazi uliyochagua, barua pepe, kiungo cha sampuli na saa za eneo lako kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Kisha sentensi za hatua ya kwanza. Elimu ishuke chini, isipokuwa tangazo linadai shahada fulani. Usiandike dini, hali ya ndoa wala namba ya kitambulisho. Hayahusiani na kazi, na namba ya kitambulisho mikononi mwa tapeli ni mtaji.

Kwenye LinkedIn, kile kichwa kilicho chini ya jina kina nafasi ya herufi 220. Wengi hujaza "Mwanafunzi wa chuo". Andika kazi na lugha: "Mhariri na msoma prufu, Kiswahili na Kiingereza, ripoti za utafiti na maandishi ya elimu."

## Hatua ya 6: Tuma maombi machache yaliyofikiriwa

Soma kwanza mahali mwajiri anapomtaka mfanyakazi awe. Tangazo kusema kazi ni ya mbali hakumaanishi popote duniani. Kampuni nyingi haziwezi kuajiri nje ya nchi fulani kwa sababu za kodi na sheria za kazi, na zitakukataa kabla hazijasoma jina lako. Naamini sehemu kubwa ya yale "maombi arobaini bila jibu" inaishia hapa. Tafuta yanayosema wazi kwamba eneo lolote linakubalika, au yanayoajiri kwa mkataba wa kujitegemea.

Matano mazuri kwa wiki yanatosha. Barua isizidi maneno 150. Hii ni ya kawaida ninayotumiwa:

"Naomba nafasi iliyotangazwa. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na niliye tayari kujifunza. Nitashukuru ombi langu likifikiriwa."

Na hii ni ya mtu aliyesoma tangazo:

"Mnatafuta mtu wa kuhariri miongozo ya walimu kabla haijachapishwa. Nimehariri mwongozo wa kurasa 30 kwa asasi ya elimu. Toleo la kabla na la baada liko kwenye kiungo hiki, faili la pili. Kwenye sampuli mliyoweka hadharani niliona maagizo ya zoezi la tatu yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Pendekezo langu nimeliambatisha kwa mistari minne. Ninapatikana kati ya 06:00 na 14:00 UTC."

Ya pili haijisifu popote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata kizuri sharti kitembezwe, ila kitembezwe kikiwa kimefunguliwa.

Kwenye majukwaa ya wafanyakazi huru hesabu gharama kabla ya kutaja bei. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji. Upwork hutumia tokeni ziitwazo Connects kwa kila ombi, na hukata ada kwenye kipato. Mteja akikushawishi mtoke nje ya jukwaa ili "muepuke makato", kataa. Utavunja masharti, na utapoteza ulinzi wa fedha iliyowekwa kabla ya kazi kuanza.

Jaza jedwali lako: tarehe, kampuni, kazi, kiungo cha tangazo, sampuli uliyotuma, tarehe ya kukumbusha, matokeo. Kumbusha mara moja tu, baada ya siku saba za kazi. Ukifikisha maombi 20 bila hata jibu moja, simama. Usiongeze idadi, rudi hatua ya nne, maana sampuli ndizo zinazokuangusha. Ukipata usaili lakini hupati kazi, sampuli ziko sawa, na tatizo liko hatua ya nane.

## Hatua ya 7: Mtambue tapeli mapema

Ukiona moja ya haya, ondoka:

- Unatakiwa kulipa ili upate kazi: ada ya usajili, mafunzo, vifaa au "dhamana".
- Unalipwa kiasi kidogo kwa kubofya au kupenda video, kisha unaambiwa uweke amana ili upande daraja. Yale malipo ya kwanza ndiyo chambo.
- Unatumiwa hundi au fedha kuliko mliyokubaliana, kisha unaombwa urudishe ziada. Hundi itakataliwa na benki ukiwa umeshatuma fedha yako.
- Usaili wote ni kwa ujumbe wa Telegram au WhatsApp, hakuna sura wala sauti, na ofa inakuja siku hiyohiyo.
- Mtu anataka kukodi akaunti yako ya jukwaa la kazi. Litakalofanywa kwa jina lako litakurudia wewe.

Kuna pia wizi wa kistaarabu: jaribio lisilolipwa la kurasa 20, ambalo kumbe ndilo kazi yenyewe, wamewagawia waombaji kumi. Jaribio la saa moja au mbili ni la haki. Likizidi hapo, omba malipo au toa sehemu tu.

## Hatua ya 8: Usaili na jaribio la kazi

Kwanza saa. Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake: 15:00 si "saa tatu" wala si "saa kumi na tano", ni saa tisa alasiri. Nimeona watu wakikosa usaili kwa sababu hiyo tu. Mfano: usaili ni 14:00 UTC. Aliye kwenye saa za Afrika Mashariki anaongeza 3, anapata 17:00, yaani saa kumi na moja jioni. Mjibu mwajiri kwa muundo wa saa 24 pamoja na UTC, kila mara.

Halafu kuna nchi zinazosogeza saa. Nchi nyingi za Ulaya hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki zilizo katikati, tofauti uliyoizoea huwa si sahihi.

Pima intaneti siku moja kabla, saa ileile ya usaili. Mazungumzo ya Zoom ya watu wawili kwa ubora wa 720p huhitaji kasi ya takribani Mbps 1.2 (megabiti kwa sekunde) kupakua na kiasi hichohicho kupakia. Kinachowaangusha wengi ni kupakia. Simu iwe na chaji na bando, tayari kushika zamu.

Andaa visa vitatu kutoka kwenye sentensi za hatua ya kwanza: hali ilikuwaje, ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Kimoja kiwe cha kosa lako na jinsi ulivyolirekebisha. Mwajiri wa mbali anaogopa mtu anayenyamaza mambo yakiharibika kuliko anavyomwogopa anayekosea.

Swali la "kwa nini ulisoma falsafa?" litakuja. Usijitetee. Taja kazi moja uliyoifanya kwa ajili ya kozi hiyo na ifanane na anayotaka.

## Hatua ya 9: Mkataba, malipo na wiki ya kwanza

Kabla hujagusa kazi, hakikisha maandishi (hata barua pepe inatosha kwa kazi ndogo) yanataja mambo haya: kinachokabidhiwa na kwa ukubwa gani, tarehe pamoja na saa kwa UTC, idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, sarafu, siku ya malipo, nani analipa ada ya kutuma, na nani anamiliki kazi ikikamilika. La marekebisho usiliache. "Rekebisha kidogo tu" limekula faida ya watu wengi. Mbili zinatosha, ya tatu ilipiwe. Kwa mteja mpya nje ya jukwaa, omba sehemu ya malipo kwanza.

Mteja wa Marekani anaweza kukutumia fomu ya W-8BEN. Ni ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani kwa masuala ya kodi. Unamrudishia anayekulipa, huipeleki kwenye mamlaka ya kodi, na kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioitia sahihi. Haikuondolei kodi ya nchi unayoishi. Aliye kwenye mkataba wa kujitegemea hakatwi na mtu, kwa hiyo tenga sehemu ya kila malipo tangu la kwanza na uulize ofisi ya kodi unapaswa kujisajili vipi.

Wiki ya kwanza, mwisho wa kila siku tuma mistari mitatu: nilichomaliza, kinachofuata, kilichonikwamisha. Ukikwama zaidi ya dakika 30, uliza, ukieleza umeshajaribu nini. Ukiona utachelewa, sema kabla ya muda kufika. Taarifa ya siku moja kabla humpa mteja nafasi ya kupanga upya, ya saa moja baadaye inampa nafasi ya kutafuta mtu mwingine.

Siku malipo ya kwanza yatakapoingia, linganisha kiasi kilichofika na kilichokubaliwa, andika makato yote, kisha gawa kwa saa ulizofanya kweli, zikiwemo za barua pepe na marekebisho. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya saa. Mara nyingi ni ndogo kuliko ulivyodhani, na ndiyo namba ya kuanzia utakapomtajia bei mteja wa pili. Mwombe wa kwanza mistari miwili ya ushuhuda wakati bado amefurahi, uiweke kwenye folda, juu ya ile sampuli ya tatu.